Albumini ya ng'ombe isiyo na asidi za mafuta: je, inafaa kubebea S1P maabara?

Anayefanya kazi na lipidi zinazopeleka ujumbe ndani ya damu hawezi kuikwepa chupa hii. Ni unga wa albumini, protini ya damu, kutoka kwa ng'ombe, BSA kama inavyoandikwa kwenye lebo, uliokwisha kuondolewa asidi za mafuta. Watengenezaji ni wengi na bei zinapishana sana. Hapa tunaipima bidhaa ya aina hii kwa jumla, bila kuchagua chapa, na tunaipima kwa kazi moja: kuichukua sfingosini-1-fosfeti, yaani S1P, moja ya lipidi hizo, kutoka kwenye kichupa na kuifikisha kwenye kipokezi cha seli. Kwa kazi hiyo tunaipa alama nne kati ya tano. Alama moja iliyokatwa ina sababu nzito, na wala haitokani na ubora wa unga.

Molekuli ya S1P ina mkia wa kaboni 18 unaokimbia maji na kichwa chenye fosfeti kinachoyapenda. Ikiachwa peke yake kwenye maji hujikusanya, hung'ang'ania kuta za chombo, na kiasi kinachoifikia seli hakijulikani tena. Mwilini kazi ya kuibeba inafanywa na protini. Katika plazma ya binadamu karibu asilimia 65 ya S1P husafiri kwenye HDL, chembe ndogo zinazobeba mafuta damuni, na takribani asilimia 30 kwenye albumini. Kwenye HDL inayoishika ni apolipoprotini M, au apoM, ambayo watafiti wa Lund, Uswidi, waliieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1999. Mwaka 2011 lilichapishwa umbo la apoM likiwa na S1P ndani ya mfuko wake, na panya wasio na apoM wakaonekana kukosa S1P kwenye HDL ilhali ile ya kwenye albumini ilibaki. Chembe za HDL zenye apoM ni chache, karibu moja kati ya ishirini.

Chanzo kikuu cha S1P ya plazma ni chembe nyekundu. Hazina kimeng'enya cha kuikatakata, hivyo huirundika ndani, kisha huitoa kupitia protini ya utandoni iitwayo MFSD2B. Seli za ukuta wa ndani wa mishipa nazo huitoa kupitia SPNS2. Ukiziosha chembe nyekundu na kuziweka kwenye bafa tupu (mmumunyo unaotunza pH), S1P inayotoka ni kidogo mno. Tia albumini au HDL, ndipo inatoka. Kwa hiyo unga tunaoujadili una kazi mbili maabara: kuipeleka S1P kwenye seli, na kuivuta kutoka kwenye seli zinazoitengeneza. Kazi zote mbili zinaharibika ukinunua chupa isiyofaa.

Kabla ya kulipa, soma cheti cha bechi, usiishie kwenye jina la bidhaa. Kinachotafutwa ni kiwango cha asidi za mafuta kisichozidi asilimia 0.02 kwa uzito. Ukipiga hesabu, hiyo ni kama moli 0.05 ya asidi ya mafuta kwa kila moli moja ya albumini, yaani molekuli moja ya mafuta kwa kila albumini ishirini. BSA ya kawaida inaweza kuja na moli nzima au zaidi kwa kila moli ya albumini. Asidi hizo zimekalia nafasi zilezile zinazohitajiwa na lipidi yako, na zenyewe zinaweza kuiamsha seli.

Neno linalochanganya wanunuzi wengi ni "fraksheni ya tano". Linatokana na kazi ya Edwin Cohn wa Harvard miaka ya 1940, aliyetenganisha protini za plazma kwa ethanoli baridi. Albumini ilikuwa kwenye sehemu ya tano. Siku hizi jina hilo limebaki hata kwa unga uliotengenezwa kwa joto, na kwenye njia ya joto huongezwa kaprilati ya sodiamu ili albumini isiharibike wakati protini nyingine zinaganda. Kaprilati ni asidi ya mafuta fupi, ya kaboni nane, na hukaa palepale kwenye albumini. Kwa hiyo muulize muuzaji maswali mawili: albumini hii ilitenganishwa kwa njia gani, na mafuta yaliondolewa baada ya hatua hiyo au kabla? Muuzaji anayejua bidhaa yake hujibu mara moja.

Kuna kitu kingine ambacho lebo haikigusi. "Bila asidi za mafuta" maana yake ni asidi za mafuta tu. Haikuahidi kwamba hakuna lisofosfolipidi, yaani lipidi zenye fosfeti na mkia mmoja tu, na hizo ndizo zinazotusumbua zaidi. Lisofosfatidilikolini, LPC, imo kwenye plazma ya binadamu kwa kiasi cha mikromola 200 hadi 300, na sehemu kubwa yake hubebwa na albumini. Ikibaki hata kidogo kwenye unga, na seli zako zinatoa kimeng'enya kiitwacho ototaksini, LPC itageuzwa kuwa LPA, asidi ya lisofosfatidi, yenye vipokezi vyake. Utaona seli zinaitikia, nawe utadhani ni S1P. Vivyo hivyo kwa endotoksini, sumu ya kuta za bakteria: kwa seli za mishipa au za kinga, chagua bechi iliyopimwa na yenye kiwango cha chini, la sivyo utakuwa unapima mwitikio wa bakteria.

Sasa matayarisho. Unga hutunzwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, kifuniko kikiwa kimekazwa. Hunywa unyevu upesi, na maabara za Dar es Salaam, Tanga au Mombasa zinalijua hilo kuliko za nchi za baridi. Itoe chupa, iache ifikie joto la chumba kabla ya kuifungua. Ukiifungua ikiwa baridi, hewa ya pwani itatoa umande ndani na unga utashikana mabonge. Pima haraka, funga, irudishe pamoja na kifuko cha kufyonza unyevu. Kwa kuwa sehemu ya uzito ulioupima inaweza kuwa maji, usiuamini mzani peke yake. Mmumunyo wa miligramu 4 kwa mililita unapaswa kusoma takribani 2.67 kwenye spektrofotomita kwa nanomita 280, njia ya mwanga ikiwa sentimita moja. Mashine nyingi hazisomi vizuri juu kiasi hicho, kwa hiyo punguza mara kumi na utarajie 0.27. Ukipata 0.24, una asilimia kumi pungufu. Ongeza unga kidogo au rekebisha hesabu.

Unga unyunyizwe juu ya bafa ya fosfeti yenye pH 7.4, uachwe uzame wenyewe. Ukiukoroga kwa nguvu utapata povu, na albumini iliyokaa kwenye povu hukunjuka, ikashikana, kisha huirudishi tena katika hali yake. Dakika 20 hadi 30 za kutulia, kuzungusha chombo taratibu mara mojamoja, zinatosha. Mmumunyo mzuri ni angavu wenye umanjano hafifu. Ukiwa na ukungu, bechi hiyo ina protini zilizoshikana. Chuja kwa chujio la mikromita 0.22 la aina isiyokamata protini, na fanya hivyo kabla ya kutia lipidi. Ukichuja baadaye, sehemu ya S1P itabaki kwenye chujio na hakuna atakayekwambia ni kiasi gani.

Kuipandisha S1P kwenye albumini ndipo wengi wanapokosea. S1P haiyeyuki vizuri kwenye maji, wala si rafiki wa ethanoli au DMSO, ingawa watu huizoea DMSO kwa kila kitu. Tumia methanoli na maji kwa uwiano wa 95 kwa 5, ukilenga miligramu 0.5 kwa mililita, na upashe joto la nyuzi 45 hadi 65 huku ukiiweka kwenye beseni la mawimbi ya sauti mpaka isambae. Itabaki na ukungu mwepesi, na hilo ni la kawaida. Kila kitu hapa kifanyike kwenye kioo. Plastiki isiguse S1P ambayo haijashikwa na albumini.

Kwa mililita moja ya mmumunyo wa mikromola 125 unahitaji mikrogramu 47.4 za S1P, kwa kuwa uzito wake wa molekuli ni 379.5. Hizo ni mikrolita 95 za mmumunyo wa methanoli. Ziweke kwenye kichupa cha kioo, zikaushe kwa mkondo mwembamba wa naitrojeni huku ukikizungusha kichupa kwa vidole ili lipidi itandazike ukutani. Kikiwa tayari, ukikiinua kwenye mwanga unaona utando hafifu kama pumzi kwenye kioo cha dirisha, umeenea upande mzima. Ukiona doa jeupe limekusanyika chini kabisa, mkondo ulikuwa mkali au hukuzungusha; rudisha methanoli uanze upya, maana doa hilo halitapanda lote kwenye albumini. Usiharakishe kwa joto kali. Pia hakikisha methanoli imeondoka yote, kwani itakayobaki itaidhuru albumini na seli.

Kisha mimina mililita moja ya BSA ya miligramu 4 iliyopashwa hadi nyuzi 37, zungusha ili iguse utando wote, iache kwenye nyuzi 37 kwa nusu saa, ukiigeuza kila baada ya muda. Dakika chache kwenye beseni la mawimbi zinasaidia. Usitumie kijiti cha mawimbi, kina nguvu mno. Ikishashikwa, unaweza kuihamishia kwenye mirija midogo ya polipropilini. Gawa mafungu ya matumizi ya mara moja, weka kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, na fungu lililoyeyushwa lisirudi tena.

Kuhusu uwiano, BSA ya miligramu 4 kwa mililita ni mikromola 60. Ukiipandishia S1P ya mikromola 125, kila albumini inabeba kama molekuli mbili. Kwenye plazma albumini ni karibu mikromola 600, na S1P yote ni kati ya mikromola 0.2 na 1. Yaani damuni albumini nyingi kabisa husafiri bila S1P hata moja. Mmumunyo wetu umeshindiliwa kuliko kitu chochote kilichomo mwilini, na hilo ni sawa kwa akiba, mradi usisahau wakati wa kuupunguza.

Kosa la kawaida kuliko yote linatokea hapo kwenye kupunguza. Mtu ana akiba ya mikromola 125, anataka nanomola 10, anaipunguza mara 12,500 kwa media tupu (maji ya kukuzia seli). Albumini iliyokuwa miligramu 4 sasa ni miligramu 0.0003 kwa mililita. Hakuna tena cha kuishika S1P, nayo inaenda kukaa kwenye ncha ya pipeti na kwenye sahani. Grafu ya vipimo inatoka ikiwa imelala chini kwa dozi ndogo kisha inaruka ghafla, na mtafiti anaandika kwamba seli zina kizingiti. Suluhisho: tayarisha media yenye BSA ya asilimia 0.1, yaani miligramu 1 kwa mililita, na itumie hiyohiyo kupunguzia dozi zote, pamoja na kisima kisicho na S1P. Kila kisima kipate albumini sawa. Usizidishe pia, kadiri albumini inavyokuwa nyingi, ndivyo S1P iliyo huru kukifikia kipokezi inavyopungua, na matokeo ya asilimia 0.1 hayalinganishiki na ya asilimia 1.

Seramu ya ndama iliyomo kwenye media ya kukuzia seli ni adui mwingine. Ni seramu, maana yake damu iliachwa igande, na chembe sahani zikamwaga S1P na LPA zao. Zinyime seli seramu kwa saa kadhaa kabla ya jaribio, uziweke kwenye media yenye BSA hii badala yake, vinginevyo vipokezi vya S1P vitakuwa vimeshaamshwa na kumezwa ndani ya seli kabla hujaanza.

Kila bechi mpya ijaribiwe yenyewe kwanza. Seli zipewe BSA ya asilimia 0.1 bila lipidi yoyote, kisha zipimwe kalsiamu au fosfeti kwenye ERK, protini ya kupeleka ujumbe ndani ya seli, kwa dakika 5 na 15. Bechi inayoamsha seli peke yake irudishwe. Ukitaka kujua kama kinachoamsha ni S1P, tangulia na kizuizi cha S1P1, kimojawapo cha vipokezi vya S1P, kama W146. Mwitikio ukibaki vilevile, huenda unapitia kipokezi kingine cha S1P, au ni LPA au endotoksini. Mwenye spektromita ya masi afanye uchimbaji wa lipidi kwenye mililita moja na kuziangalia moja kwa moja. Bechi ikifaulu, nunua ya kutosha mradi wote. Tofauti kati ya bechi mbili za mtengenezaji mmoja zinaweza kuwa kubwa kuliko tofauti kati ya watengenezaji wawili.

Ile alama moja tuliyoikata inahusu hali halisi ya damu. Albumini huifikisha S1P, lakini haiing'ang'anii. Inaiachia kwa urahisi zaidi, na S1P iliyoachiwa hukutana na vimeng'enya vya juu ya seli vinavyoikata fosfeti. Kipokezi cha S1P1 kilichoamshwa na S1P ya albumini humezwa na kupelekwa kuharibiwa zaidi, ilhali ile iliyofika na HDL huacha vipokezi vingi zaidi juu ya seli. Matokeo yake, ukuta wa mishipa unaokazwa na S1P ya HDL hubaki umekazwa kwa muda mrefu zaidi. Mtu akipima dakika kumi za mwanzo hataona tofauti kubwa. Akipima saa nne, ataandika hitimisho kuhusu S1P ambalo kwa kweli ni hitimisho kuhusu albumini. Kwa maswali ya aina hiyo unga huu hautoshi, hata ungekuwa safi kiasi gani. Tunalisema hili kwa msisitizo kwa sababu karatasi nyingi hazitaji mbebaji mpaka kwenye mstari mmoja wa mbinu, na msomaji anabaki akidhani S1P ni S1P tu.

Mbadala upo, lakini una gharama. HDL ya binadamu hutengwa kwa sentrifuji ya kasi kubwa kwenye msongamano wa gramu 1.063 hadi 1.21 kwa mililita, kazi ya siku nzima au zaidi, na ikija huja na S1P yake tayari. Lazima uipime kabla ya kuongeza yako. ApoM iliyotengenezwa maabara inauzwa na ni safi zaidi, ila kwa bei ambayo maabara ndogo itaitumia kwa jaribio moja la mwisho. Mpango unaofaa ni kutafuta dozi na muda kwa BSA, kisha kurudia vipimo viwili vitatu muhimu kwa HDL au apoM.

Kwa LPA tunaipendekeza bila kusita, kwani damuni nayo hubebwa na albumini, pamoja na gelsolini, protini nyingine ya plazma.

Onyo kwa walio karibu na hospitali: albumini ya binadamu ya asilimia 20 ya kuwekea wagonjwa dripu isichukuliwe kuwa badala ya unga huu. Ni dawa nzuri kwa kazi yake, lakini huwekwa kaprilati na asetiltriptofani, kila kimoja milimoli 0.08 kwa gramu ya albumini, ili iweze kupashwa nyuzi 60 kwa saa kumi. Hizo ni molekuli tano hivi za kaprilati kwa kila albumini. Nafasi zimejaa kabla hujaanza.

Maabara yenye BSA ya kawaida tu inaweza kuiondolea mafuta yenyewe kwa njia ya mkaa aliyoichapisha Chen mwaka 1967, na inafanya kazi hadi leo. Gramu 1 ya albumini kwenye mililita 10 za maji yaliyokenekwa, mkaa ulioamilishwa nusu gramu, shusha pH hadi 3.0 kwa asidi ya hidrokloriki uliyoizimua, koroga taratibu ndani ya barafu kwa saa moja. Asidi ndiyo inayoifanya albumini ijifungue na kuyaachia mafuta; bila kushusha pH mkaa huokota kidogo tu. Zungusha kwenye sentrifuji baridi kwa kasi ya g 20,000, dakika 20, mimina maji ya juu kwenye chombo kingine, ndiyo yenye albumini, rudisha pH 7 kwa hidroksidi ya sodiamu tone kwa tone ukikoroga. Rangi ya kijivu ikibaki, ni vumbi la mkaa. Zungusha tena kisha uchuje, maana vumbi hilo litaifyonza S1P yako yote. Pima upya kwenye nanomita 280, kwani protini fulani hupotea na mkaa.

Kuhusu ukubwa wa chupa: kwa kubebea tu, gramu 5 zinatosha muda mrefu, kwa sababu mililita 10 za akiba zinatumia miligramu 40. Kinachomaliza unga ni media ya kunyimia seramu. Nusu lita yenye asilimia 0.1 hula gramu 0.5, na anayetumia asilimia 1 kuvuta S1P kutoka kwenye chembe nyekundu atakula gramu 5 kwa nusu lita. Hesabu matumizi yako kwa mwaka, nunua kiasi hicho kutoka bechi moja, na mwombe muuzaji akuwekee chupa za gramu 5 au 10 badala ya moja kubwa, ili chupa inayofunguliwa kila wiki isiwe ndiyo hiyo unayoitegemea hadi mwisho wa mradi.